Tumeuza gari la baba kwa kilo

Makamanda, Jumamosi iliyopita nilisimama pembeni ya gereji moja hapa Kihonda, Morogoro, nikaangalia gari la marehemu baba likikatwa kwa gesi. Fundi alianzia kwenye paa. Toyota Carina nyeupe, ile iliyonipeleka bweni kidato cha kwanza na tranka langu limefungwa kwa kamba nyuma, ile iliyompeleka baba hospitali mara ya mwisho. Vijana wa chuma chakavu walikuja na mzani wao, wakapima vipande. Kilo 540. Kila kilo 600. Piga hesabu mwenyewe: 324,000.

Na kabla hujaniambia "pole, magari yanakufa", ngoja nikwambie kitu. Hilo gari halikuwa limekufa. Injini ilikuwa inawaka. Wiki mbili kabla ya hapo dereva teksi mmoja alikuja nalo raundi mpaka Msamvu na kurudi, akashuka anatabasamu, akasema, "Dogo, nakupa 3,800,000 leo hii. Lete kadi."

Kadi hatuna.

Hapo ndipo gari lilipokufia, siyo gereji.

Nieleze ilivyokuwa, maana najua kuna wanaosoma hapa wana gari, pikipiki au bajaji nyumbani yenye ugonjwa huu huu. Baba alilinunua 2008 kwa jirani yetu, mwalimu. Waliandikishiana kwenye karatasi ya daftari, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, mashahidi wawili wakasaini, hela ikahesabiwa mezani. Mwalimu akampa baba kadi yenye jina lake. Wakakubaliana kwamba jina watabadilisha "tukipata nafasi". Nafasi haikupatikana. Mwalimu akahamishwa, akastaafu, akafariki. Sisi tukahama nyumba ya kupanga mara mbili, kadi ikapotelea huko, hakuna anayejua kwenye boksi lipi. Baba naye akafariki 2021. Mkataba wa daftari tunao mpaka leo, umechakaa kwenye mikunjo lakini unasomeka.

Ndiyo, baba alikosea. Nalisema mwenyewe kabla chawa hawajaja kunisemea. Alitakiwa abadilishe jina mwaka ule ule. Ila nitajie watu watano mtaani kwako walionunua gari la mkononi miaka ile na wakabadilisha jina ndani ya mwezi. Kubadilisha jina kuna ada, kuna ushuru wa stempu, kuna kumpata muuzaji aache shughuli zake mwende naye. Mtu ameuza shamba na mbuzi apate hela ya gari, siku ya kununua kabaki na ya mafuta tu. Anasema nitafanya mwezi ujao. Serikali inayojua watu wake inatakiwa ijue hilo.

Mwaka huu mdogo wetu wa kike alikuwa anadaiwa ada ya chuo cha uuguzi, 1,300,000. Mama akasema tuuze gari. Nikaanza safari.

Kituo cha polisi, sikitaji ni kipi, nilikwenda kuomba ripoti ya upotevu wa kadi. Afande akaniuliza kadi ina jina la nani. Nikamwambia jina la mwalimu. "Wewe ndiye mwalimu?" Hapana, afande. "Sasa wewe umepoteza kadi ya mtu, au umepata gari la mtu?" Nikatoa mkataba. Akausoma upande mmoja, akaugeuza upande wa pili ambao hauna kitu, akaniuliza tena, safari hii taratibu zaidi, gari hili mlilipata wapi. Jamani, niliingia pale mlalamikaji, dakika kumi nikawa mtuhumiwa. Nikasema nimesahau kitu nyumbani, nikaondoka. Sijarudi.

Wakili mmoja mtaratibu akanieleza njia halali. Kwanza tufungue mirathi ya baba Mahakama ya Mwanzo, apatikane msimamizi. Sawa. Halafu warithi wa mwalimu nao wafungue mirathi ya baba yao, wapate msimamizi wao, huyo ndiye aripoti kadi kupotea, aombe kadi mpya, kisha asaini kuhamisha umiliki kuja kwa msimamizi wetu, ndipo msimamizi wetu amuuzie dereva teksi. Mirathi mbili, vikao viwili vya ukoo, kwa gari moja la 3,800,000. Nikawatafuta watoto wa mwalimu. Mmoja yuko Tunduru, hana habari na mambo haya. Mwingine yuko Dar, huyu akachangamka sana: "Kumbe mzee aliacha gari?" Akataka 1,000,000 ndiyo asaini. Simlaumu hata. Kwenye karatasi gari ni la baba yake.

Halafu akaja kishoka. Yeye hakuwa na shida na mirathi wala Tunduru. Alitaka 700,000 na picha ya namba ya chasisi, Ijumaa analeta kadi. Nilikataa. Siyo kwamba mimi malaika. Niliogopa yule dereva teksi akamatwe barabarani na kadi ya uongo mbele ya abiria wake, na mimi ndiye niliyempa.

Basi tukachinja. Injini na gia boksi zilikwenda kwa 650,000 kwa mtu anayepeleka spea Ilala. Matairi na betri 90,000. Mabati kwa kilo. Jumla 1,064,000. Ada ikabaki pungufu 236,000, mama akakopa kwenye kikoba. Gari la 3,800,000, makamanda. Tofauti ya 2,736,000 imeyeyuka kwa sababu ya kijikaratasi, na hakuna aliyeiba.

Sasa tuongee siasa.

Wapo watakaosema masharti haya ni ya kuzuia wizi wa magari. Hoja hiyo naiheshimu, wizi upo, na mtu aliyeibiwa gari lake anastahili kulipata hata kama limepita mikono mitano. Lakini tuulizane, gari linatambulikaje? Kwa kadi? Kadi ni karatasi. Gari linatambulika kwa namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na namba ya injini. Kumbukumbu zake zipo kwenye mfumo tangu siku liliposhuka bandarini, maana siku hiyo serikali haikusahau kitu: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa, ada ya usajili. Gari la mtumba linaweza kulipiwa kodi mpaka unajiuliza umenunua gari au umenunua kodi ikaja na gari. Serikali inalijua hilo gari kuliko inavyonijua mimi. Mkaguzi akija na tochi akasoma chasisi, akalinganisha na mfumo, akatazama kama kuna taarifa ya wizi, atakuwa ameshajua kama gari ni la wizi au siyo. Kadi iliyopotea haiongezi hata nukta kwenye jibu hilo.

Halafu angalia masharti yanamzuia nani. Mwizi hafungui mirathi. Mwizi hana haja ya kadi, anapeleka gari moja kwa moja kuchinjwa, au anakwenda kwa yule kishoka wangu wa Ijumaa. Aliyekwama ni mama mjane mwenye mkataba wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Yaani muhuri ule wa mwenyekiti ni wa serikali wakati wa kampeni na michango ya mwenge, ila ukiupeleka dirishani unageuka kuwa doa la wino.

Na sheria zenyewe hazikupaswa kutufikisha huku. Ukisoma Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mali inayohamishika inahama kwenda kwa mnunuzi pale pande mbili zilipokusudia ihame. Baba na mwalimu walikusudia, wakaandika, wakahesabiana. Kwa sheria hiyo gari lilikuwa la baba tangu 2008. Kadi inaonyesha nani kasajiliwa, na usajili ni jambo jingine. Ila katika nchi yetu usajili wa magari umewekwa chini ya TRA, mamlaka ya mapato. Siwasemi watumishi wake, nasema mpangilio uliopitishwa na Bunge. Daftari la mali za wananchi ukilikabidhi kwa mkusanya kodi, swali la kwanza kwenye kila faili litakuwa "kinadaiwa nini?" Swali la "mwenye mali kwa haki ni nani?" linaachiwa mahakama na ukoo. Kenya usajili uko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Sisemi kule ni peponi. Nasema tu siyo amri ya Mungu kwamba lazima iwe hivi.

Kuna kitu kingine kinaniuma zaidi. Hawa watu wanajua. Mwaka 2004, enzi za Mkapa, serikali ya CCM ilimleta Hernando de Soto, mchumi kutoka Peru, pamoja na taasisi yake, kwa hela za Norway. Ukazaliwa MKURABITA, Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania. Hoja yake ilikuwa nini? Kwamba maskini hawakosi mali, wanakosa karatasi. Mali isiyo na karatasi ni mali mfu: huwezi kuiuza kwa bei yake, huwezi kuikopea. Waliambiwa na mtaalamu, wakapiga makofi, wakaweka neno "wanyonge" kwenye jina la mpango. Wakaenda kwenye mashamba, viwanja na biashara. Gari na pikipiki hawakuvigusa. Nadhani kwa akili yao mnyonge hana gari. Mnyonge wa mwaka huu ana bodaboda, kaka.

Na hapo kwenye bodaboda ndipo pa kukaa kidogo, maana hili ni letu vijana. Nusu ya vijana wa tawi letu wanaendesha pikipiki za mkataba. Unajua inavyokwenda: bosi ananunua pikipiki, kijana anapeleka hesabu 10,000 kila siku, mvua jua, mwaka na zaidi, akimaliza pikipiki inakuwa yake. Akishalipa, bosi anatakiwa atoe kadi. Hapo ndipo sinema inapoanza. Bosi kasafiri. Bosi anasema kadi iko benki. Bosi kafa, watoto wake wanasema pikipiki ni ya mzee, leta funguo. Nina rafiki yangu amemaliza mkataba, ana daftari la hesabu lenye saini kila ukurasa, na mpaka leo hawezi kuiuza pikipiki yake ili aongezee anunue bajaji. Anaendesha mali yake kama mtu aliyeazima. Askari akimsimamisha anauliza kadi, na kijana anajua jibu lake litamgharimu.

Upande wa muuzaji nako kuna moto. Faini za barabarani zinaandikwa kwa namba ya gari. Wewe umeuza gari miaka saba iliyopita, mnunuzi hakubadilisha jina, anakimbia spidi huko Singida, 30,000 juu ya 30,000, na kwenye mfumo mwenye gari ni wewe. Likigonga mtu, watakaotafutwa kwanza ni nyumbani kwako. Kwa hiyo siyo kwamba wananchi wanafaidika na uholela huu. Wote tunaumia, muuzaji, mnunuzi, mjane, kijana. Anayefaidika ni kishoka na mwenye mzani.

Wakitaka kusamehe wanaweza, tumewaona. Mwaka 2017 walifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile road licence iliyokuwa inapanda hata kama gari liko juu ya mawe. Wakaihamishia kwenye mafuta, 40 kwa lita, mpaka mafuta ya taa, kwa hiyo bibi yangu mwenye koroboi analipia barabara ambayo hana gari la kupita. Lakini walifuta. Mwaka 2018 wakatangaza msamaha wa riba na adhabu kwa wenye malimbikizo ya kodi. Mwaka 2023 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitoa muda wa kusalimisha silaha haramu bila kushtakiwa. Hebu fikiria. Mwenye bunduki isiyo na kibali alipewa miezi ya kuja kituoni bila kuulizwa maswali mengi. Mama yangu mwenye Carina isiyo na kadi hajawahi kupewa hata wiki.

Ninachotaka mimi, na nitakipeleka kwenye kikao cha vijana cha wilaya, siyo kikubwa. Liwepo dirisha la muda, mwaka mmoja tu kwa kuanzia, mtu mwenye gari au pikipiki lisilo kwa jina lake alilete likaguliwe chasisi. Aje na mkataba, au daftari la hesabu, au hati ya kiapo na mashahidi wanaojulikana na serikali ya mtaa. Jina la gari litangazwe kwenye ubao wa kata na mtandaoni kwa siku kadhaa. Asipotokea wa kupinga, lisajiliwe upya kwa ada ambayo dereva bodaboda anaimudu. Akitokea wa kupinga, ndiyo mahakama ifanye kazi yake. Na kwa pikipiki za mkataba, mkataba wenyewe usajiliwe siku ya kwanza, ili siku hesabu inapoisha jina lihame bila kumbembeleza bosi. Serikali itapata hela pia, maana sasa hivi kwenye gari kama la baba haikupata hata shilingi. Nashangaa wapenda kodi wote wale bungeni hawajaliona hilo. Au wameliona, ila madereva wao ndiyo wanaoshughulika na kadi.

Wakati tunasubiri, na tutasubiri, fanyeni haya makamanda. Kama umenunua chombo na muuzaji yuko hai, mfuate wiki hii, mbebe hata kwa nauli yako, mkabadilishe jina. Usiseme mwezi ujao, baba yangu alisema mwezi ujao. Chukua nakala ya kitambulisho chake na namba yake ya TIN, piga picha namba ya chasisi, mkataba uwe na nakala mbili zikae nyumba mbili tofauti. Kama kadi iliyopotea ina jina lako mwenyewe, huna tatizo kubwa, ripoti ya upotevu na kiapo vinatosha kuanzia, usikubali kishoka akutishe. Na wewe uliyeuza, usikae kimya kwa kuwa hela umeshakula. Siku ukiondoka duniani unamwachia mwenzako mirathi ya mtu asiyemjua.

Na mgombea akija kwenye mtaa wako, awe wa kwao au wa kwetu, muulize hili kabla hujamuuliza la barabara. Ndiyo, hata wa kwetu. Sitaki tukishika halmashauri tuanze kuwaambia watu njoo kesho.

Mdogo wangu amerudi chuo Jumatatu. Mama anasema kikoba atakimaliza Desemba, mimi nasema Februari. Namba za gari ziko kwangu, ya mbele na ya nyuma, nimeziweka juu ya kabati. Niliuliza nizirudishe wapi na nifuteje usajili, nikaambiwa ombi hilo anatakiwa alete mwenye gari. Kwa hiyo mpaka ninavyoandika hapa, kwenye mfumo wa Jamhuri ya Muungano, kuna Carina nyeupe ambayo haipo tena, inamilikiwa na mwalimu ambaye hayupo tena, na iko sawa kabisa, haina tatizo lolote.